Hedifoni tamu kwenye muziki, mbovu kwenye mkutano: tatizo liko wapi?

#1 NjiaYaSakina (Arusha)
Habari za jioni, wakuu. Ninafanya kazi katika ofisi ya utalii hapa Arusha, na sehemu kubwa ya siku yangu hupita nikizungumza kwa laptopu na wageni walioko Ulaya na Marekani, tukipanga safari za Serengeti na za kupanda Mlima Kilimanjaro. Nina hedifoni za Bluetooth zinazofunika masikio yote, na kwa upande wa muziki sina lalamiko: besi imeshiba na sauti za waimbaji ziko wazi. Lakini mara tu mkutano unapofunguliwa, sauti hubana na kukauka kana kwamba natumia simu ya mezani ya zamani, na mgeni naye huniomba nirudie kila sentensi. Mkutano ukiisha, muziki hurudi kama ulivyokuwa. Je, kosa ni la hedifoni, la laptopu au la intaneti? Na ikibidi kununua nyingine kwa shilingi 150,000 hivi, nichukue za waya au nibaki na zisizo na waya?

#2 Kibosho_Chini (Moshi)
Pole sana. Kwa maoni yangu umeuziwa bandia. Hedifoni nyingi zinazopangwa kwenye meza za barabarani, Arusha na Moshi, zina nembo kubwa za makampuni ya nje lakini ndani yake kuna spika hafifu. Zipime kwa mkono, kwa sababu za bandia aghalabu ni nyepesi kuliko uzito ulioandikwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Angalia mishono ya ngozi kwenye mito ya masikio, kisha ingiza namba ya utambulisho kwenye tovuti hiyo. Kama mtengenezaji ana programu yake rasmi ya simu, jaribu kuziunganisha nayo, maana bandia nyingi hukwama hapo. Halafu soma kwenye boksi kiwango cha masafa (mitetemo ya sauti kwa sekunde, Hz): zikiishia Hz 20,000 ni za kawaida, zikifika Hz 40,000 ni za daraja la juu.

#3 FundiMbuyuni (Moshi)
Kibosho_Chini, ushauri wako kuhusu bandia ni mzuri na watu wausome, lakini haujibu alichouliza mleta mada, kwa sababu hedifoni bandia zingekuwa mbovu hata kwenye muziki. Maelezo yake yanaonyesha jambo jingine kabisa. Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za kupeleka sauti. Ya kwanza, iitwayo A2DP, hupeleka muziki wa pande mbili, kushoto na kulia, kutoka laptopu kwenda masikioni tu. Ya pili, iitwayo HFP, ni ya simu: hupeleka sauti masikioni na kurudisha sauti ya maiki kwa wakati mmoja. Programu ya mkutano inapoomba maiki ya hedifoni, laptopu huacha njia ya kwanza na kuhamia ya pili. Pale unapoteza kushoto na kulia, na sampuli za sauti, yaani mara ambazo sauti hupimwa, hushuka kutoka 44,100 kwa sekunde hadi 16,000, na kwenye vifaa vya zamani hadi 8,000. Sampuli zikiwa 8,000, hakuna sauti inayozidi Hz 4,000 inayoweza kupita, na herufi kama "s" na "f" hupoteza makali yake. Ndiyo maana mgeni anakuomba urudie.

Jaribu hivi: ingia kwenye mipangilio ya sauti, acha hedifoni ziwe za kusikilizia, kisha chagua maiki ya laptopu yenyewe iwe ya kuzungumzia. Sauti ikirudi kuwa pana palepale, umeshapata jibu.

Kuhusu Hz 40,000: sikio la binadamu kijana na mzima husikia takribani Hz 20 hadi 20,000, na upande wa juu hupungua kadiri umri unavyosogea. Namba hiyo ya boksi haimwambii mnunuzi chochote kuhusu utamu wa sauti.

#4 Tengeru_Usiku (Arusha)
Shukrani, Fundi, ila mimi natumia eafoni za waya na bado sauti yangu huharibika mikutanoni, hasa saa za jioni ambapo kila mtu wa hosteli yuko mtandaoni. Kwa hiyo siamini kwamba Bluetooth ndiyo chanzo pekee. Programu nyingi za mikutano hutumia kodeki (njia ya kubana sauti ili ipite mtandaoni) iitwayo Opus, iliyowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 2012, ambayo inaweza kwenda kutoka kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde. Mtandao ukibanwa, programu hupunguza kilobiti ili mazungumzo yasikatike, na sauti hukonda. Juu ya hapo programu huchuja kelele na mwangwi, na ule mchujo ukikosea hula na maneno yako. NjiaYaSakina apime intaneti kwanza kabla ya kutoa fedha mfukoni.

#5 FundiMbuyuni
Tengeru_Usiku, hayo unayosema yapo, lakini mleta mada anasema sauti hubadilika wakati uleule mkutano unapofunguliwa, hata kabla mgeni hajaongea. Intaneti hafifu hupanda na kushuka. Haina adabu ya kuanza na kuisha pamoja na mkutano. Njia ya kutenganisha mambo haya ni kurekodi sauti yako kwa hedifoni zilezile ukiwa umezima intaneti kabisa. Rekodi ikiwa imebana, tatizo liko kati ya hedifoni na laptopu. Ikiwa safi, tutafute mtandaoni.

#6 MkalimaniNjiro (Arusha)
Naomba nichangie kama mtu ambaye masikio yake ndiyo jembe lake. Wakalimani tumekuwa wengi katika mji huu tangu enzi za Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, ambako mashahidi walizungumza Kinyarwanda huku shughuli zikiendeshwa kwa Kiingereza na Kifaransa, na sasa ipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu pamoja na vikao vya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kiwango cha kimataifa cha vifaa vya ukalimani, ISO 20109, kinataka mkalimani apate sauti kuanzia Hz 125 hadi Hz 15,000. Linganisheni na ile Hz 4,000 aliyoitaja Fundi katika #3, mtaona kwa nini mimi situmii Bluetooth nikiwa kazini kutoka nyumbani, hata siku moja. Mtu anayesikiliza huku akiongea hawezi kukisia konsonanti zilizopotea. Ubongo huchoka, na jambo la kwanza anapochoka ni kuongeza sauti, jambo linaloumiza sikio.

Ninachotumia ni hedifoni za waya za USB zenye maiki ya mkono inayokuja mbele ya kinywa. Za USB zina kadi ndogo ya sauti ndani yake, kwa hiyo hazitegemei tundu la sauti la laptopu, ambalo kwenye laptopu nyingi za bei nafuu huwa na mvumo. Kwa bajeti ya shilingi 150,000 mtu anaweza kupata za namna hiyo kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, zisizo na mbwembwe, na zikamtumikia miaka.

#7 MamaWaRau (Moshi)
Asanteni kwa elimu. Nina swali lililo karibu na hilo la kuongeza sauti. Mwanangu yuko kidato cha tatu na husoma masomo ya ziada kwa laptopu akiwa amevaa eafoni kwa saa nyingi, na nikiwa jikoni nasikia anachofundishwa. Nimtafutie za aina gani ili asiharibu masikio?

#8 MkalimaniNjiro
Mama, kama unamsikia ukiwa jikoni, basi aina ya eafoni siyo jambo la kwanza; la kwanza ni kiwango cha sauti. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kwa watoto linashauri desibeli 75 kwa muda huohuo. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu, na muda salama hukatwa nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 90, hata kwa mtu mzima, zinabaki saa 4 tu kwa wiki nzima, na mwanafunzi anazimaliza kwa jioni mbili.

Watoto huongeza sauti kwa sababu wanashindana na kelele za nyumbani. Mnunulie zinazofunika sikio lote, au kama anapenda eafoni za kuingia ndani, hakikisha vile vizibo vya mpira vinamtosha, maana vinakuja kwa saizi tatu kwenye boksi na watu wengi hawabadilishi kile kilichofungwa kiwandani. Kizibo kikikaa sawa, kelele ya nje hupungua, besi hurudi, na mtoto mwenyewe hushusha sauti. Akilalamika kwamba masikio yanavuma baada ya masomo, mpeleke akapimwe. Hospitali ya KCMC huko Moshi kuna idara ya masikio, pua na koo.

#9 Kibosho_Chini
Mama wa Rau, mnunulie zile zilizoandikwa ENC, zinazima kelele za nje. Ndugu yangu anazo, anasema hata bodaboda hazisikii.

#10 FundiMbuyuni
Hapana, mkuu, hapa tutawapoteza wanunuzi. ENC iliyoandikwa kwenye maboksi mengi inahusu maiki: inasafisha kelele ili mtu wa upande wa pili akusikie wewe vizuri. Aliyezivaa haongezewi utulivu wowote. Inayotuliza kelele masikioni mwa mvaaji ni ANC. Wauzaji huzichanganya, wengine kwa kutojua. Ukiwa dukani zivae, washa na kuzima kitufe cha ANC karibu na feni au jenereta. Usiposikia tofauti yoyote, hakuna ANC humo. Huyo ndugu yako asiyesikia bodaboda amsalimie sana anayevuka naye barabara ya Double Road.

#11 SokoineRoad_09 (Arusha)
Nimecheka, lakini hoja ya Fundi ni ya kweli, nami naiongezea. Ofisi yetu iko juu ya maduka, na umeme ukikatika jenereta za majirani huwashwa karibu zote pamoja. ANC imeniokoa, kwa sababu maiki ndogo za nje ya hedifoni huisikia kelele, na mashine hutengeneza wimbi lililopinduliwa linaloifuta. Inafanya kazi vizuri kwa mngurumo wa chini usiobadilika, kama jenereta, injini ya basi au ndege. Amar Bose alipata wazo la kuitengeneza akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na kampuni yake ikatoa hedifoni za marubani mwaka 1989. Lakini dhidi ya mwenzako anayeongea na mteja meza ya pili, ANC haina nguvu sana, kwa sababu sauti ya mtu ni ya juu zaidi na hubadilika haraka. Hapo kinachosaidia ni mito minene inayoziba sikio sawasawa.

#12 PasuaStudio (Moshi)
Mimi hurekodi kwaya za makanisani, na nina tatizo ambalo linaweza kuwa ndugu wa hili. Nikichomeka chaja ya laptopu, mvumo huingia kwenye hedifoni na kwenye rekodi. Nikiichomoa, mvumo hupotea. Pia nafikiria kuchukua hedifoni za Beyerdynamic DT 770 Pro za om 250 (om ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kwa sababu nimeambiwa om zikiwa nyingi sauti huwa safi zaidi. Wataalamu mnasemaje?

#13 FundiMbuyuni
Mvumo huo mara nyingi unatokana na chaja ambayo haipati waya wa ardhi. Soketi zetu za kisasa zina matundu matatu, lakini mtu anatumia adapta ya pini mbili, au nyumba yenyewe haikufungwa waya wa ardhi, na umeme unaovuja kidogo kutoka kwenye chaja hutafuta njia kupitia waya wa sauti. Rekodi kwa betri, au mtafute fundi umeme aliyesajiliwa aikague ardhi ya nyumba.

Kuhusu om: modeli hiyo huuzwa kwa om 32, 80 na 250. Om 250 zinahitaji volti zaidi ili zisikike kwa nguvu ileile, na tundu la laptopu nyingi halina volti hizo, kwa hiyo utapandisha sauti hadi mwisho na bado kwaya itasikika mbali. Kama huna amplifaya ya hedifoni au kadi ya nje ya sauti yenye nguvu, chukua om 32, au om 80 kama laptopu yako inasukuma vizuri.

#14 Tengeru_Usiku
Kwenye om ninatofautiana kidogo na Fundi. Om peke yake haitoshi kusema hedifoni zitasikika kwa nguvu au la. Kuna pia usikivu, ule unaoandikwa kwa desibeli kwa kila miliwati. Zipo za om chache lakini usikivu mdogo, zinazoipa laptopu kazi ngumu kuliko za om nyingi. Mnunuzi asome namba zote mbili.

#15 NjiaYaSakina
Wakuu, nimefanya majaribio na narudi na matokeo yanayonichanganya zaidi. Nilipochagua maiki ya laptopu kama Fundi alivyoelekeza, sauti masikioni mwangu ilirudi kuwa pana palepale. Lakini wageni wakasema sasa wanasikia feni ya laptopu, vidole vyangu vikibonyeza herufi, na kunguru wa nje ya dirisha. Nilipoazima hedifoni za waya, za pini ya duara, nikawasikia vizuri wao, ila hawakunisikia mimi hata kidogo. Na jioni, kwa vifaa vyote, sauti bado inakonda, sawa na alivyosema Tengeru_Usiku. Rekodi niliyofanya bila intaneti kwa Bluetooth ilikuwa imebana.

#16 FundiMbuyuni
Rekodi hiyo inathibitisha #3. Kuhusu za waya, tazama pini yenyewe na tundu la laptopu. Pini yenye mistari miwili myeusi ni ya kusikilizia tu. Yenye mistari mitatu ina na maiki. Laptopu za zamani zina matundu mawili, moja la kusikilizia na moja la maiki, na ukichomeka pini ya mistari mitatu kwenye tundu la kusikilizia, maiki haiendi popote. Unahitaji waya mfupi wa kugawa, wenye pini mbili upande mmoja na tundu moja upande wa pili. Na kama laptopu yako ni mpya yenye tundu moja la pamoja, safisha vumbi kwanza kwa hewa, maana vumbi letu la kiangazi huganda humo na pini haifiki mwisho.

#17 SokoineRoad_09
Kuna chanzo kingine ambacho hakijatajwa. Bluetooth hutumia masafa ya GHz 2.4, yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi za ofisi nyingi, na matundu ya USB 3 nayo hutoa kelele katika masafa hayo, hasa kukiwa na diski ya nje iliyochomekwa. Sauti yangu ilikuwa ikikatikakatika hadi nilipohamisha diski upande wa pili wa laptopu na kuhamia Wi-Fi ya GHz 5. NjiaYaSakina, je, hiyo sauti ya jioni hukonda tu, au hukatika vipande vipande?

#18 Kibosho_Chini
Mimi bado nasimama palepale pa #2. Wapo wanaotumia Bluetooth mikutanoni na hawana shida hii, kwa hiyo ubora wa kifaa una sehemu yake. Nilinunua eafoni kwenye duka moja mjini, boksi likiwa limefungwa kwa nailoni, na maiki yake haikuwahi kusikika vizuri kwenye simu wala kwenye laptopu. Mtu asiambiwe kila kitu ni mipangilio.

#19 Tengeru_Usiku
Kibosho_Chini ana hoja nusu. Mwaka 2020 ilitangazwa Bluetooth ya namna mpya, LE Audio, inayoweza kupeleka sauti pana huku maiki ikiwa wazi, na huenda hao unaosikia hawana shida ndiyo wanayoitumia. Lakini lazima laptopu na hedifoni zote mbili ziwe nayo, pamoja na mfumo endeshi unaoiunga mkono. Kununua hedifoni mpya za LE Audio na kuziunganisha na laptopu ya miaka minane iliyopita hakubadilishi kitu.

#20 MamaWaRau
Fundi, hizi eafoni za mwanangu nimegundua zinasikika upande mmoja. Zinatengenezeka au nitupe?

#21 FundiMbuyuni
Zinatengenezeka, Mama. Mara nyingi waya hukatika karibu na pini, pale unapojikunja. Nyuzi za ndani zimepakwa vanishi ya kuhami, na fundi asipoiunguza kwanza, risasi ya kulehemu haishiki na tatizo hurudi baada ya siku chache. Muulize fundi kama analijua hilo kabla hujamwachia. Kama ni za bei ndogo sana, gharama ya ufundi itakaribia za mpya, na hapo fuata ushauri wa #8 umnunulie zinazofunika sikio.

#22 NjiaYaSakina
SokoineRoad_09, sauti ya jioni hukonda bila kukatika, ingawa jana ilikatika mara moja mwenzangu alipokuwa akihamisha picha za wageni kwenye diski. Ninaelekea kununua za USB zenye maiki ya mkono kwa ajili ya kazi na kubaki na hizi kwa muziki, lakini nahofu kwamba kama tatizo la jioni ni mtandao, nitakuwa nimetibu nusu ya ugonjwa.

#23 Tengeru_Usiku
Utakuwa umetibu nusu, ndiyo. Kabla ya kununua, omba waya wa mtandao uunganishe laptopu moja kwa moja na ruta kwa jioni moja, kisha uzime video na kubaki na sauti tu.

#24 MkalimaniNjiro
Mimi ningenunua bila kusubiri, kwa sababu nusu inayotibika leo ndiyo inayomfanya mgeni akuelewe unapomtajia bei na tarehe, na mtandao unaweza kushughulikiwa baadaye. Ukizipata, weka maiki karibu na pembe ya mdomo, upana wa vidole viwili, isiwe mbele kabisa ya pumzi, na kwenye programu ya mkutano punguza ule mchujo wa kelele hadi kiwango cha chini, kwa sababu maiki iliyo karibu na kinywa haihitaji kuchujwa sana. Fundi anaweza kuwa na maoni tofauti kuhusu mchujo.

#25 FundiMbuyuni
Ninayo. Kwa ofisi yenye jenereta chini ya dirisha ningeuacha mchujo katika kiwango cha kati, kisha nimwombe mgeni mmoja anayeaminika asikilize hali zote mbili aseme ipi ni bora. Masikio ya aliyeko upande wa pili ndiyo kipimo, na hayo sisi hatunayo hapa.